Kitabu changu kimechanwa kurasa za mwisho: uzi wa mauaji kwenye dunia ya Jane Austen

Kandili_la_Mafuta (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Wiki mbili zilizopita nilipita kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta nikakuta Death Comes to Pemberley ya P.D. James. Elfu tatu. Nikakibeba bila kukikagua. Usiku ule umeme ukakatika mtaani kwetu, nikakisoma kwa tochi ya simu hadi saa nane. Mshtakiwa yupo kizimbani London, juri wanarudi, nafunua ukurasa, nakutana na jalada. Kurasa za mwisho zimechanwa zote, imebaki gundi kavu. Nilipomrudia muuzaji akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, kwani zile nilizokuuzia umezimaliza kusoma?"

Nikakosa jibu. Nikaamua kumtafuta muuaji mwenyewe, na njia niliyoiona ni kurudi kwenye chanzo, yaani riwaya za Jane Austen ambazo James amejenga juu yake.

Kwa wasiomfahamu: Austen alizaliwa 1775 huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, binti wa mchungaji. Hakuolewa, akafariki 1817 akiwa na miaka 41. Riwaya zake sita zilitoka kati ya 1811 na mwisho wa 1817. Kipindi hicho Mfalme George wa Tatu alishachanganyikiwa akili, mwanawe akawekwa kukaimu kuanzia Februari 1811 hadi mzee alipofariki Januari 1820. Wenyewe wanakiita Regency, mimi nitasema enzi ya ukaimu.

Kwenye riwaya zile sita hakuna maiti hata moja iliyokutwa sebuleni. Kuna mabinti wasio na urithi, wanaume wenye madeni, mama anayesaka wakwe, na majirani wanaohesabu kipato cha mgeni kabla hajavua kofia. Kwenye Pride and Prejudice, Darcy, mwenye jumba la Pemberley, anaingia ukumbini, na kabla ya dakika tano kwisha ukumbi mzima unajua ana pauni 10,000 kwa mwaka.

Sasa James. Alikitoa kitabu hiki 2011, ana miaka 91, ameandika upelelezi maisha yake yote na amewahi kufanya kazi Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Anatuweka Pemberley, Oktoba 1803, miaka sita tangu Elizabeth, mhusika mkuu wa riwaya ile, na Darcy waoane. Kesho kuna dansi kubwa, vyombo vya fedha vinasuguliwa, upepo unavuma. Gari la farasi linatoka msituni mbio, linayumba, ndani yupo Lydia, mdogo wa Elizabeth, anapiga mayowe kwamba mumewe kauawa. Wanaume wanachukua taa wanaingia msituni. Mume, Wickham, wanamkuta mzima, amelewa, ana damu, amepiga magoti juu ya maiti ya rafiki yake Kapteni Denny, analia kwamba yeye ndiye wa kulaumiwa.

Mnaona ujanja wa bibi huyu? Mpelelezi wa kawaida hutumia sura tano kukujengea mshukiwa. Hapa kazi hiyo Austen aliishaifanya kwenye Pride and Prejudice ya 1813. Wickham ni yule aliyetaka kumtorosha mdogo wake Darcy, mtoto wa miaka 15, kwa sababu ya pauni zake 30,000. Akakosa, baadaye akatoroka na Lydia. Msomaji anaingia msituni tayari ana kamba mkononi, anatafuta mti tu.

Hoja yangu ni hii: hizi riwaya zinanoga pale mwandishi anapokumbuka kwamba Austen alikuwa anaandika upelelezi tayari, ila hakuhitaji maiti. Zinachacha pale anapomchukua askari kanzu wa leo akamvika kofia ndefu.

Mshukiwa wangu ni Kanali Fitzwilliam, binamu yake Darcy. Mtu mzima haagi wenzake usiku wa upepo ule eti anakwenda kupanda farasi kidogo kabla ya kulala. Karibuni, ila mwisho ASINIAMBIE MTU.

Kijana_wa_Ubungo

Nimeweka kambi, karanga ninazo. Swali la kizushi mkuu: huyo Darcy ndiye yule wa filamu ya kutongozana kwenye mvua? Dada yangu anairudia kila Krismasi na kila Krismasi analia palepale.

Kandili_la_Mafuta

Ndiye. Ila mvua ni ya watengeneza filamu, kitabuni walikuwa ndani ya nyumba.

Wakili_Mstaafu

Kandili umenigusa kwenye fani yangu, acha nikae chini niandike.

Wasomaji wengi wa riwaya hizi wanaruka jambo moja: mwaka 1803 ukikuta maiti msituni huna wa kumwita zaidi ya jirani. Polisi wa London waliundwa 1829. Vijijini kulikuwa na konstebo wa parokia, mara nyingi mkulima au fundi aliyeangukiwa na zamu ya mwaka mmoja bila mshahara, naye anahesabu siku zake ziishe arudi kwenye shughuli zake. London walikuwepo wale wakamata wahalifu wa Bow Street, walioanzishwa 1749 na Henry Fielding, hakimu ambaye pia alikuwa mwandishi wa riwaya. Na hakimu wa kijijini ni bwana mwenye mashamba. Hakulazimika kuisomea sheria. Ni mtu ambaye jana mlikula naye chakula cha usiku na kesho mnawinda naye kware.

James ameushika uzi huo vizuri. Darcy mwenyewe ni hakimu. Maiti ipo kwenye ardhi yake, mshukiwa ni mwanyumba wake, mashahidi ni mkewe, watumishi wake na wageni wake. Hawezi kugusa kitu. Inabidi apande farasi usiku kumwamsha hakimu mwenzake, Sir Selwyn Hardcastle, ambaye familia zao hazipikiki chungu kimoja. Kwangu mimi safari ile ya usiku ndiyo moyo wa kitabu. Bwana mkubwa wa pauni 10,000 anabisha hodi kwa mtu asiyempenda, kuomba achunguzwe.

Halafu kuna korona, siyo ule ugonjwa, ni afisa wa kuchunguza vifo. Anakaa kwenye nyumba ya wageni ya mjini, juri wanaletwa waitazame maiti kwa macho yao, watu wamejaa hadi mlangoni kana kwamba ni harusi.

Baada ya hapo mahakama kuu. Hapa ndipo vijana mtashangaa. Hadi 1836 wakili wa mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hakuruhusiwa kuzungumza na juri. Kuhoji mashahidi sawa, kutoa hoja ya mwisho hapana. Mshtakiwa naye hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo hadi 1898. Mahakama ya rufaa za jinai ilikuja 1907. Na ukitiwa hatiani kwa kuua, sheria ya 1752 ilitaka unyongwe ndani ya siku mbili na mwili wako wapewe madaktari waupasue, au utundikwe kwa minyororo. Mwaka 1812 Waziri Mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi ndani ya Bunge tarehe 11 Mei. Muuaji, John Bellingham, alinyongwa tarehe 18. Wiki moja, kila kitu kimekwisha.

Kwa hiyo saa ya ukutani inapolia kwenye riwaya ya enzi hiyo, inalia kweli. Mwandishi akiniletea mpelelezi wa 1811 anayethibitisha arseniki kwa vichupa na moto, nafunga kitabu. Kipimo cha kuaminika cha arseniki kilitangazwa 1836.

Kuhusu Kanali, mdogo wangu, sisemi kitu. Nimenyamaza kama mshtakiwa wa 1803.

Mchokonozi

Nitawakwaza kidogo. Mwandishi kalala kaburini Winchester miaka mia mbili, watu wanakuja wanavaa viatu vyake wanatembea navyo kwenye damu. Hii ni biashara. Mwenye jina kubwa hawezi kukataa, basi kila mtu anaokota Darcy wake. Austen alikuwa mtu wa chai, barua na dansi. Damu mmemletea ninyi.

Kijana_wa_Ubungo

Mchoko ameamka.

Mwalimu_wa_Zamu

Kaka Mchokonozi, la biashara nakubali. La chai nalikataa, na nitakuonyesha maandishi yake mwenyewe.

Akiwa binti mdogo aliandika vichekesho vya kuwasomea ndugu zake nyumbani. Kimojawapo ni barua fupi ya msichana anayeeleza, bila hata kupepesa jicho, kwamba alimuua baba yake mapema sana maishani, baadaye akamuua mama yake, na sasa anajiandaa kumuua dada yake. Kingine, mwanamke anamwekea mwenzake sumu kwa wivu na ananyongwa, yote kwa sentensi chache za adabu tupu. Huyo ndiye mtu wako wa chai.

Halafu kuna riwaya yake Northanger Abbey. Catherine, miaka 17, amesoma riwaya nyingi za kutisha, anaalikwa kwenye jumba la kale la Jenerali Tilney. Usiku wa dhoruba anaona kabati jeusi. Anazungusha funguo, moyo unamwenda mbio, anapata bunda la karatasi nyuma ya droo. Mshumaa unazimika! Analala akitetemeka. Asubuhi anazisoma: ni hesabu za dobi. Mashati, soksi. Baadaye anajiaminisha kwamba Jenerali alimuua mkewe, hadi kijana wa jenerali anamfumania akipekua chumba cha marehemu. Aibu ile!

Lakini Austen hakuishia kumcheka. Jenerali hakuua mtu, ila alipogundua binti si tajiri kama alivyodhani, alimfukuza nyumbani asubuhi na mapema, umri ule, safari ndefu peke yake bila mtumishi. Catherine alikosea kosa, hakumkosea mtu. Nikiwa darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: muuaji alikuwa ndani ya nyumba kweli, ila silaha yake ilikuwa daftari la mali.

Wakili_Mstaafu

Asante Mwalimu. Nami nimwongezee Mchokonozi mawili, kwa sababu anadhani enzi ile ilikuwa ya vitambaa tu.

La kwanza linatoka ukoo wa Austen. Agosti 1799 shangazi yake, Bi Leigh-Perrot, mke wa mjomba wao tajiri, alinunua lesi nyeusi dukani mjini Bath. Akasimamishwa barabarani, bahasha ikafunguliwa, ndani pana na lesi nyeupe asiyoilipia, thamani yake shilingi 20. Shilingi 20 za wakati ule zilitosha kabisa kwa kosa la kunyongwa, japokuwa kwa mtu wa daraja lake kilichotarajiwa zaidi ni kupelekwa Australia miaka 14. Alikaa zaidi ya miezi saba chini ya ulinzi Ilchester, nyumbani kwa mkuu wa gereza, moshi, kelele za watoto, mumewe yuko naye. Mama yake Jane alijitolea kuwapeleka mabinti zake wakakae na shangazi yao huko, shangazi akakataa. Machi 1800 kesi ikasikilizwa Taunton, juri wakamwachia ndani ya dakika chache. Jane alikuwa na miaka 24. Msiniambie hakujua mahakama inavyonuka.

La pili ni Ratcliffe Highway, mashariki ya London. Riwaya ya kwanza ya Austen ilitoka mwisho wa Oktoba 1811. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, usiku, mwuza nguo Timothy Marr alimtuma msichana wa kazi akanunue chaza. Msichana anarudi, anabisha, kimya. Ndani wamekufa wote: Marr, mkewe, kijana mwanagenzi wake, na mtoto mchanga kwenye kitanda chake. Siku 12 baadaye, watu watatu tena kwenye baa ya jirani. Mpangaji akaponea dirishani kwa kuteremka na mashuka aliyoyafunga mafundo. Akakamatwa baharia mmoja, John Williams, akakutwa amejinyonga gerezani kabla ya kesi. Maiti yake ikazungushwa mitaani juu ya mkokoteni na kuzikwa njiapanda, kigingi kimepigiliwa kifuani. Hakuna aliyethibitisha kuwa ni yeye.

Na sasa mfunge mkanda: mwaka 1971 P.D. James aliandika kitabu kizima kuhusu mauaji yale, akishirikiana na T.A. Critchley. Bibi huyu alikuwa ameishi na damu ya enzi ya ukaimu miaka 40 kabla hajabisha hodi Pemberley. Hakuokota Darcy barabarani.

Mchokonozi

Sawa, nimepigwa. Ila jibuni hili: akichukua wahusika wasioweza kubadilika, fumbo liko wapi? Elizabeth hawezi kuwa muuaji, Darcy hawezi, Jane dada yake Elizabeth hawezi. Mashabiki watachoma duka. Unabaki na wahusika wapya wawili watatu, na mmoja wao ndiye. Fumbo limekufa kabla ya marehemu.

Kandili_la_Mafuta

Hapo umegonga penyewe, nami nakiri lilinisumbua. James anajaribu kulikwepa kwa kutuongezea wasiwasi mwingine: aibu. Hatuogopi kwamba Darcy kaua, tunaogopa jina la nyumba litaburuzwa magazetini. Inafanya kazi nusu. Kuna sura Elizabeth wangu anakaa tu sebuleni akiandika barua za kuahirisha dansi, yule Elizabeth wa ulimi mwepesi yuko wapi? Nilimtafuta hadi pale gundi ilipoanzia.

Claudia Gray amelikabili kwa njia nyingine kwenye The Murder of Mr. Wickham ya 2022. Amewakusanya wanandoa wa riwaya tano kati ya zile sita kwenye nyumba moja, wageni wa Emma na mumewe Knightley wa riwaya ya Emma, mvua imewafungia, Wickham anajileta bila mwaliko. Hapo kila mtu ana sababu ya kumuua, maana amewaliza watu wengi pesa zao. Upelelezi umepewa watoto: Jonathan, kijana wa Darcy, na Juliet, binti wa Catherine yuleyule wa hesabu za dobi. Kinachonifurahisha ni kizuizi chao. Kijana na binti wasiooana hawaruhusiwi kukaa chumba kimoja peke yao. Wakitaka kulinganisha dalili, wavizie! Hiyo ndiyo adabu ya wakati ule kugeuka kuwa kufuli la fumbo. Jonathan naye ni mtu wa kanuni, kelele na mazungumzo ya watu wengi humchosha, na ndiye anayeona vitu visivyokaa mahali pake.

Wapo na wanaomfanya Austen mwenyewe kuwa mpelelezi. Stephanie Barron alianza 1996 kwa kisingizio kizuri: shajara za Jane zimekutwa kwenye nyumba ya zamani karibu na Baltimore, yeye anazihariri tu. Vitabu 15, cha mwisho 2023. Vya katikati vinasuasua, siwadanganyi, lakini sauti ameipata.

BintiKizimkazi

Assalam aleikum. Nimewasoma wote kimya kimya, sasa niulize: nani alifua nguo za Wickham?

Sina mzaha. Damu imejaa kwenye shati, taa zimebebwa, maiti imelazwa kwenye chumba cha bunduki, maji ya moto yamepandishwa ngazi. Kwa mikono ya nani? Kwa Austen watumishi hawazungumzi sana, wanaleta barua na kutoka. Riwaya ya mauaji haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu anayejua kila kitu nyumbani ni anayezoa majivu ya jikoni. Kwa hilo nampa James haki yake. Yule mzee Bidwell anayesugua vyombo vya fedha, na nyumba yake ndogo ndani ya msitu, ndiyo sehemu iliyonifanya niketi vizuri. Kumbe Pemberley ina watu!

La pili. Mali za mabwana hawa zimetoka wapi? Kwenye Mansfield Park, riwaya nyingine ya Austen, Sir Thomas anasafiri kwenda Antigua kwenye mashamba yake, na sote twajua miwa ya Antigua ilikatwa na nani. Fanny, binti wa shemeji yake anayelelewa kwake, anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa, sebule nzima inanyamaza. Bunge la Uingereza lilikuwa limeipiga marufuku biashara hiyo 1807, mashamba yakabaki vilevile. Mwaka 1811, mwaka wa riwaya ya kwanza, nahodha wa Kiingereza anayeitwa Smee alikuwa huku kwetu Unguja akiandika alivyoona watu wakipangwa safu sokoni. Mimi nikisoma riwaya ya mauaji ya enzi hiyo, nikaambiwa kuna maiti moja tu, huwa nahesabu upya.

Naomba mwandishi mmoja aanzie kwenye ile sebule iliyonyamaza. Hapo pana kesi.

Mwalimu_wa_Zamu

Binti, umenifunga mdomo dakika kumi nzima.

Nirudi kwenye hoja ya Kandili kwamba Austen aliandika upelelezi bila maiti. Hata P.D. James alilisema, mwaka 1998 alitoa mhadhara mbele ya Chama cha Jane Austen akiisoma Emma kama riwaya ya upelelezi. Tazameni kifungu kimoja tu, cha piano.

Kijijini Highbury yupo Jane Fairfax, yatima, mzuri, maskini, anatarajia kwenda kuwa mwalimu wa nyumbani kwa matajiri. Siku moja inaletwa piano mpya kutoka London, duka la Broadwood, bila jina la aliyeituma. Kijiji kizima kinapoteza usingizi. Emma, ambaye anajiona ana akili kuliko wote, anajenga nadharia: imetoka kwa Bwana Dixon, mume wa rafiki yake Jane, kuna mapenzi ya siri hapo. Na anamweleza nadharia hiyo nani? Frank Churchill, kijana mchangamfu aliyekuja kumsalimia baba yake. Frank anaitikia kila kitu, anamwongezea kuni.

Sasa hesabuni. Siku chache kabla, Frank alipanda farasi maili 16 kwenda London na kurudi maili 16, kwa sababu, alisema, anataka kunyolewa. Watu walimcheka kwa ulimbukeni, wakaendelea na chai. Dalili imewekwa mezani mchana kweupe, juu ya kitambaa cheupe, na Austen ameifunika kwa kicheko. Mnamkuta tena anatengeneza miwani ya bibi mzee kwenye chumba ambacho Jane yupo. Mnamwona Jane anatembea kwenye mvua kwenda posta mwenyewe, hataki mtumishi amchukulie barua. Kwa nini mtu alowe kwa ajili ya barua? Kila mtu aliona. Hakuna aliyeunganisha, isipokuwa Knightley kwa mbali.

Ukirudia kitabu mara ya pili, ukurasa hadi ukurasa, unaona umedanganywa kwa ukweli mtupu.

Kijana_wa_Ubungo

Mwalimu!!! Nilikuwa nimekipakua jana nianze kukisoma!! Umemwaga mtama wote!

Mwalimu_wa_Zamu

Mwanangu, kitabu kina miaka mia mbili na ushee. Muda wa kulindwa umekwisha.

Mzee_wa_Kiko

Wajukuu, mbona mnakwenda mbali mnapita nyumbani bila kusalimia? Yule Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, hakuwa na maabara wala bastola. Kiko chake, rafiki yake Najum, na masikio. Anauliza habari za ukoo: nani mtoto wa nani, mirathi alipewa nani, mwanamke yule alikuwa ameolewa wapi kabla. Watu husema Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, na mwandishi hakuficha deni hilo. Ila mimi nikisikiliza mnavyoisimulia Highbury, naona udugu mwingine. Mji mdogo, kila mtu anamjua kila mtu, na kosa halianzi usiku wa kisu, limeanzia kwenye ndoa ya miaka 20 nyuma iliyofichwa.

Ndiyo maana mauaji yanakaa vizuri kwenye dunia ya huyo bibi wa Kiingereza. Pale London ya watu milioni unatafuta alama za viatu. Kijijini unatafuta nani kaacha kumwamkia nani.

Mchokonozi

Mzee, shikamoo. Hiyo ya kuacha kuamkiana nimeichukua.

Mzee_wa_Kiko

Marahaba. Itumie taratibu.

Kandili_la_Mafuta

Wakuu, mrejesho. Jana jamaa yangu kaniazima nakala nzima. Nimemaliza alfajiri.

Sitamwaga mtama. Nitasema mawili tu. Moja, Kanali Fitzwilliam namwomba radhi hadharani. Alikuwa na siri yake, lakini siyo ile niliyomshonea. Nilikuwa Emma mwenyewe, nimejenga jumba zima juu ya piano.

Mbili, sijaridhika, na nadhani najua kwa nini. Mwisho wa James unaletwa mlangoni. Ukweli unasemwa na watu kwa vinywa vyao, mmoja baada ya mwingine, kurasa na kurasa za maelezo, wakati mimi nilikuwa nimekesha kutafuta dalili. Ile ya kunyolewa haipo. Kesi yake ni ya kweli kabisa, sheria kama alivyosema Wakili, msitu unakutia ubaridi mgongoni, lakini hakunidanganya kwa ukweli mtupu. Kwa hiyo zile kurasa nilizochaniwa huenda zilikuwa za bei rahisi kuliko zote.

Kijana_wa_Ubungo

Mimi nimeendelea na Emma hivyohivyo kwa hasira. Nimefika mwishoni na nina swali, maana humu mnajifanya wapelelezi. Nani aliiba bata mzinga wa Bi Weston?

Msioikumbuka: baba yake Emma hataki binti yake aolewe, anaogopa kila badiliko, ndoa imekwama. Mara usiku mmoja banda la Bi Weston linavunjwa, bata mzinga wote wanaibwa. Mabanda mengine ya jirani nayo yanaguswa. Mzee anashikwa na hofu ya wezi, anaona heri mwanamume aingie nyumbani haraka, harusi inapigwa. Kitabu kinaisha. Mwizi hatajwi!

Wakili_Mstaafu

Kanuni ya kwanza kijana: nani kafaidika?

Kijana_wa_Ubungo

...Knightley.

Wakili_Mstaafu

Ana ardhi inayopakana, anafahamu njia zote za usiku, hakuna anayeweza kumshuku. Na hakimu wa eneo lile ni nani?

Kijana_wa_Ubungo

Ngoja nirudi kuangalia.

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu. Hakimu ni Knightley.